Mkono wa Chuma Chini ya Kiti cha Kobe

Watu wa Gorong'a, kijiji cha Wakurya, walikuwa na majina mengi ya kumwita Mniko, na karibu yote yalikuwa na maana moja: kichwa kigumu. Akiambiwa dume fulani halikubali jembe, yeye atalifunga jembe mpaka lilime. Akiambiwa mlango fulani haufungiki, atakesha akiukomelea misumari. Vita vya Hitla vilimkuta kijana, vikampeleka Burma na kumfundisha kuendesha malori, na aliporudi hakutaka kulima ulezi tu kama wenzake. Akapata kazi ya udereva kwenye mgodi wa dhahabu. Bwana mmoja wa mgodi alipofungasha mizigo kurudi kwao Ulaya, Mniko akauza madume ya ng'ombe na kulinunua gari lake.

Gari lenyewe lilikuwa limeundwa miaka mingi kabla ya vita. Paa lake lilikuwa la turubai, la kukunjwa na kukunjuliwa, na lilipokunjuliwa lilitengeneza kibyongo. Watoto wakaliita Kobe. Mniko alijifanya kukasirika, kisha naye akaanza kuliita hivyo hivyo.

Kobe alikuwa na ugonjwa. Akitembea kila siku, hana neno. Lakini akipumzishwa bandani siku chache tu, betri yake inakufa kabisa: taa haziwaki, honi hailii, na ukikanyaga stata unasikia kuku wanavyoparura nje. Wajuaji walimshauri azungushe hendeli. Lakini cheche za gari la namna ile hutoka kwenye betri, na betri ikikauka unaweza kuzungusha hendeli mpaka bega litoke mahali pake na usipate hata moshi. Zamani ugonjwa huo ulikuwa kero tu. Mwaka wa hamsini na tatu ukawa msiba.

Mwaka huo Bhoke, mke wa Mniko, alishikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza, na mtoto akatanguliza miguu. Wakunga walifanya yote waliyoyajua. Kisha mkubwa wao akatoka nje, akanawa mikono, akasema huyu apelekwe hospitali ya wamisheni kule Shirati, na apelekwe sasa. Mniko akakimbilia bandani, akaruka kitini, akakanyaga stata. Kimya. Akakanyaga tena, akazungusha hendeli, akalia, akatukana. Mwishowe wanaume wakambeba Bhoke juu ya kitanda, wakipokezana mabega. Mtoto akazaliwa njiani, hakulia. Wakageuka kurudi nyumbani, na Mniko akakibeba mwenyewe kile kifurushi kidogo ndani ya kanga.

Siku ya maziko mama yake Bhoke, Wegesa, alisimama nyuma ya ghala la nafaka, mahali ambapo mkwewe hangemwona. Alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Chuma kilichoshindwa kubeba mtu mmoja kina kazi gani hapa? Kifugieni kuku!"

Kuku walikuwa wameshaanza kutagia humo, na hilo ndilo lililomchoma Mniko zaidi. Aliona haya, akaona hasira, akaona uchungu ambao hakujua auweke wapi. Lakini hakuliuza gari, na wala hakulitelekeza. Bhoke aliposhika mimba tena kabla ya mwaka huo kwisha, Mniko alijiapia jambo moja tu: siku hiyo ikifika, Kobe atawaka kwa mkanyago wa kwanza. Mengine yote aliyaona porojo.

Akaanza kwa kutafuta chanzo. Akaipeleka betri mgodini ikachajiwa, akairudisha mahali pake chini ya kiti cha nyuma. Kila kitu kikiwa kimezimwa, akaugusisha waya mnene kwenye kichwa cha betri polepole. Ikaruka cheche ndogo ya buluu. Hapo akaelewa kwamba kulikuwa na mnywaji humo ndani, anayekunywa usiku na mchana hata gari likilala. Nyaya za Kobe zilikuwa zimevikwa kitambaa badala ya mpira, panya wameshautafuna upande mmoja na unyevu umeshaula wa pili. Kumbadilishia nyaya zote kungekuwa kama kumzaa upya. Ilikuwa rahisi zaidi kumfungia mnywaji mlango wa pombe.

Kwanza akawa anaufungua ule waya kwa spana kila jioni na kuufunga kila asubuhi. Haikuchukua muda kichwa cha betri, ambacho ni cha risasi laini, kikalika, kishikio kikalegea, na siku moja Kobe akazimika katikati ya mto na abiria wakashuka kusukuma huku maji yanawafika magotini. Mniko akasema basi, hapa inatakiwa swichi.

Akapanda baiskeli mpaka Tarime mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeitwa Kanji, akatoka na swichi nyeupe ya taa ya nyumbani. Kanji alimwambia waziwazi kwamba hii ni ya taa, si ya gari. Mniko akajibu kwamba umeme ni umeme. Akaifunga, akajaribu taa za mbele, zikawaka vizuri, akacheka peke yake. Akakanyaga stata. Swichi ikayeyuka kama siagi kikaangoni na banda likajaa moshi, na Bhoke akaja mbio na ndoo ya maji akiwa na tumbo lake.

"Sasa unataka kutuchoma?" akauliza.

"Nilikuwa najifunza," Mniko akasema.

"Jifunze na mlango wazi."

Alichojifunza ni hiki: taa hunywa kwa kijiko, stata hunywa kwa pipa. Swichi ya stata lazima iwe na shaba nene sawasawa na waya wenyewe. Basi akaenda mgodini, akaomba kwenye chumba cha mashine swichi kubwa ya kisu, ile yenye ulimi wa shaba unaoinuliwa na kushushwa. Hiyo haikuyeyuka. Lakini barabara ya kwetu ni mashimo yaliyounganishwa na mawe, na kila Kobe aliporuka, ule ulimi ulijiinua wenyewe na gari likazimika. Isitoshe shaba yake yote ilikuwa uchi na ilirusha cheche kila ilipogusana. Huko Burma Mniko aliona betri ikilipuka kwa cheche ndogo tu, kwa sababu betri inapochajiwa hupumua hewa inayoshika moto. Rafiki yake alipoteza jicho. Akaing'oa swichi ya kisu siku hiyo hiyo, ingawa alikuwa ameshaisifia mbele ya kijiji kizima.

Wakaanza kumcheka. Baba yake mkubwa, mzee Waitara, alimwita faraghani akamwambia, "Mura, kijana wangu, mwanamke anazaa kwa uwezo wa Mungu. Acha kuhangaika na chuma."

"Shikamoo, baba mkubwa. Mungu nimeshamwomba. Sasa nashughulikia upande wangu."

Akavuka mpaka pale Sirari, akapanda lori mpaka Kisumu, ambako kulikuwa na uwanja wa mabaki ya magari ya jeshi. Mjaluo mmoja aliyekuwa akiuza vyuma hivyo akamletea swichi mbili za duara, nzito kama mawe ya kusagia, zimefungwa pande zote, kila moja na bolti mbili nene za shaba.

"Chukua hii ya ufunguo," akasema yule Mjaluo. "Unazima, unachomoa, unaweka kwa mfuko. Mwizi akuje alale njaa."

"Na hiyo ya pili?"

"Hii iko na mkono tu. Haitoki. Mtu yeyote anaweza kugeuza. Hii si mzuri."

Mniko alizishika zote mbili muda mrefu. Mkurya hahitaji kufundishwa habari za wizi. Kwao hata ndama hulala ndani, mlango umekingwa kwa gogo. Ile ya ufunguo ilimvutia kweli. Ndipo akamwona Bhoke akilini, ameshikwa na uchungu na nyumba imejaa watu, na yeye Mniko yuko mnadani, ufunguo unaning'inia shingoni mwake. Fundi mmoja wa kijijini anajua kuendesha, shemeji yake anajua kuendesha, lakini hakuna atakayewasha. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kitu cha kuokoa mtu, akawaza, hakifungwi ufunguo.

"Nipe ya mkono," akasema, na yule Mjaluo akamsikitikia.

Kuifunga alikufanya bila haraka, jambo ambalo halikuwa tabia yake. Alichagua ule waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi la gari, si ule unaokwenda kwenye stata. Alijua kwamba ukiukata huo wa bodi, hata spana ikiponyoka na kugusa chuma, hapatatokea kitu. Akaukata kwa msumeno. Akavalisha ncha zake vichwa vya shaba, akayeyusha risasi ndani ya kijiko cha zamani juu ya moto wa mhunzi, akaimimina mpaka waya na kichwa vikawa kitu kimoja. Swichi yenyewe akaitia hapo hapo pembeni ya betri, kwa sababu waya wa namna hiyo ukirefuka sana nguvu hupotea njiani. Akatoboa tundu mbele ya kisanduku cha kiti cha nyuma, mkono wa chuma ukachungulia nje, chini kabisa, mahali ambapo mzigo hauwezi kuugonga. Akakaza nati, akapaka grisi.

"Mbona chini hivyo?" Bhoke akauliza. "Mpaka mtu apige magoti."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mniko akajibu, akijiona mwerevu sana.

Akaizima, akamwacha Kobe bandani kwa majuma mawili bila kumgusa, na hiyo ilikuwa adhabu kwake kuliko kwa gari. Kisha akaita watu. Akainama, akageuza mkono, akapanda, akakanyaga. Kobe akanguruma kwa mkanyago wa kwanza, kuku wakatawanyika. Waliokuja kucheka wakabaki wanasifia moshi. Tangu siku hiyo kila jioni Mniko alizima, na kila asubuhi, kabla ya uji, alikwenda kuwasha.

Likabaki jambo moja ambalo hakulifikiria hata kidogo. Bhoke alisema, "Bila mama siendi Shirati."

Hapo pana shida, na asiye wa kwetu aelezwe. Mkurya na mama mkwe wake huoneana haya maisha yao yote. Hawapeani mikono, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja wao huingia kichakani. Anayevunja haya hiyo huleta balaa juu ya watoto, na hapa tunazungumza habari za mtoto ambaye hata kuzaliwa bado. Je, gari ni nyumba? Lina milango, lina viti, na lina paa. Wazee walikaa wakalijadili hilo wakinywa pombe ya ulezi, na mzee Waitara ndiye aliyelimaliza.

"Likunjeni lile turubai," akasema. "Kobe asiye na gamba si nyumba. Hapo kuna paa gani? Mkwe aketi mbele atazame barabara, mama aketi nyuma na mwanawe. Ni sawa na watu wawili kwenye njia moja, kila mmoja na safari yake."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ilishamuua mkwe gani?"

Uchungu ulianza asubuhi moja ya Aprili, na kweli mvua ilikuwa inanyesha. Watu walikimbia huku na huku. Mniko akakunja turubai, akatandika godoro na ngozi ya ng'ombe nyuma, akageuza uso ukutani wakati wanawake wakimpandisha Bhoke. Wegesa akapanda mwisho, akaketi, akakipakata kichwa cha binti yake, akamfunika kwa blanketi na juu yake gunia. Kisha sauti ikatoka kwamba tayari. Mniko akapanda mbele bila kugeuza shingo, akakanyaga stata.

Kimya.

Kila mtu aliyekuwepo uani aliikumbuka asubuhi ile nyingine. Mwanamke mmoja akaanza kulia. Lakini Mniko alijua mara moja kilichotokea, na kujua kulimwumiza kuliko kutojua. Betri ilikuwa nzima kabisa. Ni yeye, katika haraka ya turubai na godoro, aliyesahau kuinama na kugeuza mkono. Na mkono ulikuwa chini ya kiti cha nyuma, katikati ya miguu ya mama mkwe wake.

Alishika usukani kwa nguvu. Kupitisha mkono wake pale ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Kumshusha Wegesa ni kumwondoa Bhoke mapajani pake, na Bhoke sasa alikuwa akiguna kwa sauti ya mtu asiyeweza kusogezwa. Kumwita mwanamke mwingine wa kuinama pale ni kumlaza juu ya tumbo la mgonjwa.

"Bhoke," akaita huku anatazama mbele, "mwambie mama kuna mkono wa chuma..."

Bhoke akapiga kelele ya uchungu. Hakuwa mtu wa kutumwa ujumbe, na wanawake wa uani walikuwa wameshaangua kilio, hakuna aliyesikia.

Mvua ikazidi. Mniko hakuwa amekata nyaya, akayeyusha risasi na kwenda hadi Kisumu ili ashindwe na upana wa kiti. Akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasema kwa sauti kubwa, akiliambia gari:

"Wewe Kobe! Unanisikia? Una mkono wa chuma chini ya kiti chako cha nyuma, mbele, chini kabisa. Mtu akiushika akaugeuza kuelekea mlango wa kulia mpaka ulie, wewe utawaka. Mimi siwezi kufika huko, Kobe. Unajua kwa nini siwezi."

Wanawake wakaacha kulia, wakasogea. Watu wakasubiri, maji yakiwatiririka usoni. Kisha nyuma yake ikasikika sauti ya mwanamke mzee, kavu, na yenyewe ikiliambia gari.

"Kobe, mwulize mwenye wewe, umeme hautaniua?"

"Kobe, hautaua mtu. Nimeushika mwenyewe kila siku."

"Kobe, mwenye wewe alisema hivyo hivyo mwaka jana, kwamba utakwenda."

Neno hilo lilimwingia. Mniko akafumba macho. "Kobe," akasema, "mwaka jana nilikosa. Mwaka huu sikukosa. Mkono upo hapo."

Wegesa akanong'ona, si kwa gari wala kwa mtu, "Mficha uchi hazai." Akapanua miguu mbele ya watu wote, akainama juu ya binti yake, akapapasa chini ya kiti. Ikasikika: tak!

Mniko akakanyaga. Kobe akanguruma.

Habari za barabara zinajulikana, maana Mniko alizisimulia mpaka uzee wake, na kila mara Mto Mori ulizidi kujaa. Ukweli ni kwamba walilowa wote chapachapa, kwamba gurudumu lilizama mara moja kwenye matope na Wajaluo waliokuwa wakitoka sokoni wakawasukuma, na kwamba safari nzima hakuna aliyegeuza shingo. Huko Shirati daktari alisema mtoto huyu naye ametanguliza miguu, na kwamba wangekawia kidogo angesema maneno mengine. Alizaliwa msichana. Alilia kwa sauti ambayo Mniko, aliyesimama nje chini ya mchirizi wa bati, aliitambua bila kuambiwa. Akaketi palepale matopeni. Alilia naye, mbele ya watu, bila kujificha.

Walipompa ruhusa Bhoke, jua lilikuwa limetoka, lakini turubai lilibaki limekunjwa. Kobe akaingia uani polepole, watu wakaja na vigelegele, wakamshusha Bhoke, wakampokea mtoto, ambaye alikuwa ameshapewa jina la Rhobi. Mniko akazima injini, akabaki kitini akitazama mbele, akingoja mama mkwe ateremke ili naye apate kushuka.

Wegesa hakuteremka. Mniko akasikia kiti kikilia, akasikia pumzi ya mtu mzima anayeinama. Kisha tak. Mkono wa chuma ulikuwa umerudishwa mahali pake, kama inavyotakiwa gari linapolala.

"Kobe," Wegesa akasema, "kwa yule mtoto wa mwaka jana, nimekusamehe. Lala."

Akashuka, akaenda zake kwa mjukuu. Mniko akaupigapiga usukani kwa kiganja.

"Umesikia?" akaliambia gari.